Kidevu Juu, Macho Chini

Nazungumza nanyi nyote mlioko Timau mjini, Kisima na Ngare Ndare, mlio ndani ya vitalu vya maua huku redio imetundikwa kwenye nguzo, na madereva mlio barabarani kati ya Meru na Nanyuki. Endesheni polepole, ukungu bado haujaondoka.

Leo nazungumza juu ya kichwa. Nasema kichwa chenyewe, hiki cha mfupa na nyama, chenye uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 kwa mtu mzima, na mahali kinapopaswa kukaa mtu anaposimama mbele ya mpira wa gofu kabla hajaupiga.

Kuna atakayeuliza: gofu na sisi wa ngano, shayiri na viazi, wapi na wapi? Kilomita kama 20 kutoka stejini kwetu kuna Nanyuki Sports Club yenye uwanja wa mashimo 9. Ukipanda kuelekea mlimani utakuta uwanja mwingine wa mashimo 9 pale Mount Kenya Safari Club, ile hoteli ambayo mwigizaji William Holden na wenzake waliianzisha kama klabu mwaka 1959, na ambayo ikweta inapita ndani ya ua wake. Wapo vijana wa huku wanaoshuka na matatu alfajiri kwenda kubeba mifuko ya wachezaji, na siku klabu inapowaruhusu hushika fimbo wenyewe. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza hivyo hivyo, mifuko ya watu wengine ikiwa mabegani mwao. Kwa hiyo namna ya kusimama mbele ya mpira ni maarifa ya riziki kwa mtoto wa jirani yako, na ndiyo maana nataka ifundishwe vizuri.

Haifundishwi vizuri. Ukisimama kando ya uwanja wowote wa gofu kwa nusu saa utasikia agizo moja likirudiwa. Mchezaji anapiga, fimbo inaukwaruza mpira juu, mpira unabingirika hatua chache kwenye nyasi na kusimama. Kabla hajafungua mdomo, mwenzake ameshatoa hukumu: "Umeinua kichwa! Weka kichwa chini!" Anayeambiwa anatikisa kichwa kukubali kosa, na shimo linalofuata anakizamisha zaidi. Kedi aliyesimama na mfuko anasikia, anameza, na jioni anakwenda kumwambia mdogo wake vivyo hivyo. Agizo hilo nalipinga leo kwa moyo wote. Limewaumiza watu migongo, na limewafanya vijana wenye vipaji wajione hawafai.

Fikiria linavyofanya kazi mwilini. Mwambie mtu anayejifunza, "weka kichwa chini." Kitu cha kwanza atakachofanya ni kubana kidevu kifuani. Kidevu kikibanwa, shingo inapinda; shingo ikipinda, mgongo wa juu unafuata na mabega yanasongamana mbele. Sasa anataka kurudisha fimbo nyuma. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, bega la kushoto ndilo linalozunguka na kupita chini ya kidevu, na kwa wa mashoto ni kinyume chake. Lakini chini ya kidevu hakuna nafasi. Bega linagonga kidevu. Hapo ana njia mbili tu: aache kuzunguka katikati ya safari na kupiga kwa mikono pekee bila nguvu ya mwili, au kichwa kisukumwe juu na bega lake mwenyewe. Mara nyingi kichwa husukumwa juu. Agizo la kuweka kichwa chini ndilo lililokiinua kichwa, na anayelitoa anaona limethibitika, analirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna wanaosema sababu ya kuweka kichwa chini ni ili jicho lione fimbo ikigusa mpira. Hilo halifanyiki. Kuanzia fimbo inapoondoka mpirani, kurudi nyuma, mpaka kuugusa tena ni kama sekunde moja hivi, na mguso wenyewe hudumu takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kufuatilia kitu cha muda huo, wala ubongo unaoweza kurekebisha lolote ndani yake. Mpira ukishaguswa umekwenda. Sababu ya kweli ya kutulia kwa kichwa ni nyingine: fimbo inachora duara kuuzunguka mwili, na duara hilo lazima lifike chini mahali pale pale ulipo mpira. Kitovu chake kiko sehemu ya juu ya kifua, chini kidogo ya shingo. Kitovu kikiinuka sentimita 2 tu, duara zima linainuka, na mpira wenye kipenyo cha milimita 43 unaguswa utosini. Kichwa kimeshikamana na kitovu hicho, ndiyo maana kikiyumba huku na huku mambo yanaharibika. Lakini kutulia na kuinama ni vitu viwili mbalimbali.

Ushahidi upo kwa waliocheza vizuri kuliko wote. Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mashindano makuu 18, alifundishwa tangu utotoni na Jack Grout katika klabu ya Scioto, mjini Columbus. Ili kijana ajifunze kutulia, msaidizi wa Grout alizishika nywele zake huku akipiga. Kichwa kikiyumba, nywele zinavutika. Nicklaus mwenyewe amesimulia alivyolia kwa maumivu. Mtu akisikia hadithi hiyo anadhani alifunzwa kuinamisha kichwa. Tazameni filamu zake: kabla tu fimbo haijaanza kurudi, anageuza kidevu kidogo kulia ili kulipisha bega la kushoto. Kichwa kimetulia mahali pake, na kidevu kiko huru.

Halafu kuna Annika Sörenstam wa Uswidi, mwanamke wa kwanza kumaliza mzunguko wa mashindano rasmi ya wanawake ya Marekani kwa mapigo 59, mwaka 2001. Kuna pia David Duval, aliyefikisha 59 kwa wanaume mwaka 1999 na kushinda taji la British Open mwaka 2001. Hawa wawili, fimbo inapogusa mpira, uso umeshaanza kugeuka kuelekea mpira unakokwenda. Kwa sheria ya "usiinue kichwa" wangefukuzwa uwanjani siku ya kwanza. Kilichowasaidia ni kwamba kichwa chao kiligeuka pamoja na mwili, juu ya mgongo uliobaki kwenye pembe yake. Hakikuchomoka kwenda juu.

Pembe ya mgongo, hapo ndipo penye kiini cha jambo, na hapo nataka tukae.

Nendeni kwenye shamba lolote la viazi hapa Timau siku ya kuvuna. Mtazameni mama anayeokota nyuma ya jembe uma. Nimewatazama kwa makini. Ametanua miguu kiasi cha upana wa mabega. Magoti hayajakakamaa wala hayakukunjwa sana, yamelegezwa tu. Amekunjika kwenye nyonga, pale paja linapokutana na kiwiliwili, na makalio yamekwenda nyuma. Kutoka kwenye nyonga mpaka kisogoni mgongo umenyooka. Shingo ni mwendelezo wa mgongo, haikuning'inia, haikuinuliwa. Mikono inaning'inia wima kutoka mabegani, haina kazi nyingine ila kuokota. Macho ndiyo yanayohama kutoka kiazi hadi kiazi. Karibu naye yuko kijana wa shule aliyekuja kibarua cha likizo. Yeye amesimama na magoti yaliyokakamaa na anajikunja kiunoni, mgongo umefanya tao na kichwa kimening'inia. Kabla ya saa sita utamwona ameshika kiuno. Simaanishi kwamba kazi ya yule mama haichoshi. Inachosha, na malipo yake ni madogo kuliko jasho lake. Nasema kwamba mwili wake umekaa sawasawa na anavyotakiwa kukaa mcheza gofu.

Mchukue mama huyo, msimamishe kidogo mpaka mikono yake ifike kwenye mshiko wa fimbo ya chuma nambari 7, na umepata mkao ambao watu hulipia masomo ili waupate. Uzito uko katikati ya nyayo, kuelekea pale kamba za kiatu zinapofungwa. Hauko visiginoni wala kwenye ncha za vidole. Kati ya mikono na mapaja pana nafasi ya kiganja kimoja. Kati ya kidevu na kifua ngumi inapita bila taabu. Uso umetazama mpira kwa sababu mgongo wote umeinama kwenye nyonga. Shingo haikuongeza chochote. Mpira ameuangalia kwa kushusha macho, kama mtu mzima anavyosoma gazeti lililo mezani bila kulilalia.

Ukitaka kujipima, huhitaji mwalimu wala kioo. Tafuta mpini wa jembe usio na jembe. Uweke wima mgongoni, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkia. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno. Sasa inama polepole ukisukuma makalio nyuma. Mpini ukiachana na kisogo, umebana kidevu. Ukiachana na mfupa wa mkia, umejikunja kiunoni badala ya nyonga. Rudia mpaka uiname na sehemu zote tatu zikiwa bado zinagusa. Watoto hulipata zoezi hili haraka. Wanaoteseka ni wanaume waliokaa ofisini, na madereva wa masafa marefu, ambao nyonga zao zimesahau kazi hiyo. Kwao nashauri wafanye kila asubuhi kwa dakika chache kabla hata hawajafikiria mpira.

Mpira wa mbali kabisa, unaopigwa kwa fimbo iitwayo draiva kutoka kwenye kijiti, unataka badiliko dogo. Mpira unawekwa mbele, karibu usawa wa kisigino cha kushoto, na uti wa mgongo unaegemea kulia kidogo, basi kichwa kinakuwa nyuma ya mpira. Fimbo inaukuta mpira ikianza kupanda. Ukiweka kichwa juu ya mpira hapo, utaukata kwenda chini na utapoteza urefu wote uliokuwa unautaka.

Turudi kwa yule aliyeukwaruza mpira. Kama si kichwa, ni nini? Mara nyingi ni nyonga. Wakati wa kushusha fimbo, badala ya nyonga kuzunguka, zinasukumwa mbele kuelekea mpira. Zikija mbele, mgongo unanyooka wenyewe kwa sababu mwili haukubali kuanguka. Mgongo ukinyooka, kitovu kinapanda, na kichwa, kilichoko mwishoni mwa mgongo, kinapanda nacho. Aliyetazama kutoka pembeni ameona kichwa tu, kwa kuwa ndicho kinachoonekana dhidi ya anga. Kumwambia mtu huyo akishikilie kichwa chini ni kumtaka ashindane na mwili wake mwenyewe. Mwambie asimame makalio yakigusa ukuta, arudishe na kushusha mikono bila fimbo, na makalio yabaki yamegusa ukuta mpaka mwisho: la kulia kwanza, kisha la kushoto. Akiweza hilo, kichwa chake hakitahitaji mlinzi.

Sababu nyingine ya hukumu za uongo ni hewa yetu. Huku tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, inauzuia mpira kidogo, na mpira unakwenda mbali kuliko pwani. Kwa mji wa Denver, ulio kwenye mita 1,600, wachezaji huhesabu nyongeza ya karibu asilimia 10. Basi mtu wa mlimani anakwenda kwenye viwanja vya pwani vya Nyali au Vipingo, anapiga fimbo ile ile aliyoizoea, mpira unaanguka kabla ya grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Wenzake wanamwambia ameinua kichwa. Hakuinua kitu, amekutana na hewa nzito ya bahari. Anachotakiwa ni kuchukua fimbo ndefu zaidi. Badala yake anaongeza nguvu, anabana kidevu, na safari yake yote ya Mombasa inaharibika.

Nina jambo la baridi pia. Timau asubuhi ni baridi ya kweli, nanyi mnaijua. Tunatembea mabega yamepanda masikioni na kidevu kimezama ndani ya kola ya jaketi au skafu. Mkao huo unakuwa mazoea. Kijana anafika uwanjani saa moja asubuhi akiwa na majaketi mawili, anasimama mbele ya mpira vilevile alivyokuwa akingojea matatu. Mabega hayawezi kuzunguka ndani ya majaketi mawili, na kidevu hakina mahali pa kwenda. Afadhali atembee kwanza mpaka damu ipate moto, avue la juu, ateremshe mabega kwa kuvuta pumzi ndefu, ndipo ashike fimbo. Ongeza simu. Daktari mmoja wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alikadiria mwaka 2014 kwamba shingo ikiinamishwa nyuzi 60 hubeba mzigo wa kama kilo 27, ilhali kichwa kikiwa wima mzigo ni uzito wake tu. Ni makadirio ya hesabu, lakini mwenye shingo inayouma hahitaji hesabu kumshawishi. Saa nyingi za kuinamia simu zinaifundisha shingo mkao ule ule tunaotaka kuuondoa kwenye gofu.

Na wazee wanaovaa miwani yenye sehemu mbili, ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, nawahurumia hasa. Mzee akishusha macho, mpira anaupata kwenye sehemu ya kusomea, na anauona umefifia. Ili auone sawasawa anabana kidevu kifuani ili atazame kupitia sehemu ya juu. Si ukaidi wala uzee. Miwani ya kioo kimoja ya kuonea mbali inamaliza tatizo hilo. Kedi aliye makini akiliona hilo amwambie kwa adabu, faraghani.

Nimewataja mama zetu wa shamba la viazi, na ningependa kusema zaidi juu yao kabla sijaendelea. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, jinsi ambavyo mama zetu wa Meru pia hubeba kuni. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu waliyoitumia kutembea. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12 bila gharama ya ziada. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulionyesha kwamba siri imo katika mwendo wao: hupoteza nguvu kidogo kila mwili unapopanda na kushuka katika hatua. Vipimo vya baadaye kwa wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini vilionyesha kwamba watu hutofautiana sana, si kila mmoja anayepata faida hiyo. Simsifii mtu kwa mzigo unaomchosha, na alama ya kamba iliyobaki kwenye mapaji ya nyuso za bibi zetu haikunifurahisha kamwe. Ninachosisitiza ni kwamba ustadi wa kutuliza kichwa na kunyoosha shingo huku mwili wote unafanya kazi umekuwapo kwenye miteremko ya mlima huu kabla ya mtu yeyote kupanda nyasi za gofu.

Waliokuwa na ustadi huo ndio waliochelewa kualikwa kwenye gofu. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza gofu ya kulipwa, aliona pengo hilo na akaanzisha shule ya kuwafundisha wasichana mchezo huu. Tanzania wanaye Madina Iddi wa Arusha, ambaye jina lake linajulikana na kila anayefuatilia gofu ya wanawake Afrika Mashariki. Ningetamani walimu wa michezo wa shule za eneo letu la Buuri wawafikirie wasichana wanapochagua wa kupeleka Nanyuki kujaribu fimbo. Mimi naamini walimu hao watashangazwa.

Sasa grini, ambako mpira unasukumwa polepole kuingia kwenye shimo la milimita 108. Hapa kichwa kina kazi tofauti kidogo. Macho yanapaswa kuwa juu ya mpira, au upande wa ndani kidogo kuelekea miguuni, na uso uwe sambamba na ardhi. Uso ukiinama upande mmoja, mstari wa kwenda shimoni unaonekana umepinda wakati umenyooka. Kujipima ni rahisi: simama tayari kusukuma, shika mpira wa pili kwenye daraja la pua katikati ya macho, uuachie. Mpira huo utaangukia pale macho yako yalipo. Ukianguka mbele zaidi ya mpira wa chini, umeuinamia mno.

Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha mwaka 1992 matokeo ya kupima macho ya wachezaji wakisukuma mpira. Wenye ustadi waliutazama mpira bila kuhamahama kwa muda mrefu kuliko wengine, na baada ya mpira kuondoka jicho lilibaki kidogo pale ulipokuwa. Wasio na ustadi macho yao yaliruka mpirani, shimoni, kwenye fimbo, na kurudi. Hapa ndipo nakubaliana na wazee wa klabu: kwenye grini, tulia mpaka mpira uende. Kwa kuwa mwendo ni mdogo na bega halihitaji kupita chini ya kidevu, kutulia hakumuumizi mtu.

Kwa makedi, sikilizeni hili kwa makini kwa sababu linaweza kumgharimu mchezaji wenu. Tangu kanuni mpya zilipoanza kutumika mwaka 2019, kedi haruhusiwi kusimama makusudi nyuma ya mpira, kwenye mstari wa kupigia, mchezaji anapoanza kusimama tayari kupiga. Zamani kedi alisimama pale na kusema "sogea kulia kidogo, hapo hapo." Siku hizi ni adhabu. Basi mambo ya mkao yasemwe kwenye uwanja wa mazoezi, au wakati mnatembea kuelekea mpira. Na kedi anayetaka kumsaidia mtu asimame pembeni, upande ambao mpira na mikono vinaonekana, atazame nyonga. Kichwa atakiona tu hata asipokitafuta.

Nimetaja migongo, na sitaki niipite kwa haraka. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi kwa wacheza gofu wa kawaida. Severiano Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978 na mwaka uliofuata akatwaa British Open, aliteswa na mgongo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji. Tiger Woods alifanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja, ukiwemo wa mwaka 2017 wa kuunganisha pingili, kabla ya kurudi na kushinda Masters mwaka 2019. Hao walipiga mipira kwa mamilioni kwa nguvu zisizo za kawaida, na siwezi kusema ni mkao mbaya uliowaumiza. Lakini mtu wa kawaida anayezungusha mgongo uliopinda, kidevu kifuani, anajitafutia maumivu hayo hayo bila kombe lolote. Mgongo ulionyooka unazunguka vizuri, uliopinda unajinyonga.

Kuna zoezi moja la mwisho, nalo linatufaa sisi wa ikweta. Simama jua likiwa mgongoni, kivuli cha kichwa chako kianguke mbele yako, weka mpira katikati ya kivuli hicho. Zungusha fimbo polepole bila kuugusa, ukitazama kivuli. Kikisogea kidogo tu kulia wakati fimbo inarudi nyuma, na kikabaki karibu na mpira inapokuja, uko salama. Kikitoka nje ya mpira kabisa, kichwa kinayumba. Kikisogea ghafla mbali na miguu yako au karibu nayo, umenyooka mgongo. Fanya kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maana saa sita huku kwetu kivuli kinajificha chini ya viatu na hutaona kitu.

Mwenye swali juu ya mpini wa jembe au ule ukuta atume ujumbe kwa nambari ya kituo, nami nitajibu hewani Jumamosi. Juma lijalo, kipindi hiki hiki, tutashughulikia mikono: jinsi ya kuishika fimbo bila kuinyonga, na kwa nini malengelenge yanatokea kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia.